Kamera Iliyovaa Koti Langu

Mutheu, mwaitu,

Sitakuuliza kama u mzima. Nakusikia hapo uani ukigombana na yule jogoo ambaye shangazi yako ameamua lazima usafiri naye mpaka Tseikuru, na mtu anayetukana jogoo kwa sauti hiyo ana afya kunishinda. Mimi niko ndani. Nimesukuma meza hadi dirishani, nimeinamia karatasi kama mtu anayenusa mboga kujua kama zimelala, na ninaandika. Mistari ikipanda na kushuka kama njia ya mtoni, usicheke. Ni macho, si pombe.

Utasema, baba gani anamwandikia barua mtu aliye nje ya dirisha lake? Lakini unanijua. Nikifungua mdomo mbele yako kinachotoka ni mzaha, na mzaha wangu umeshakula vitu vingi katika boma hili. Kalamu ni polepole, inanipa nafasi ya kujishika. Na usiniulize kwa nini Kiswahili. Kikamba nakiongea, kuandika nilifunzwa kwa hii, tena mpaka darasa la sita tu, hapo ambapo mwalimu na mimi tulichokana siku moja.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kutafuta kanisa lenye watu wa kwetu sitayagusa. Hayo ni ya shangazi yako Syokau. Dada yangu huyo atakuambia mpaka gari la Mwingi liondoke, halafu atalikimbilia akuambie yaliyobaki. Langu ni moja. Jana uliweka ile kamera yako juu ya kitanda changu ukasema, "Baba, hii nimekuachia. Mimi nitatumia simu." Ukatoka kabla sijatafuta tusi. Leo nimeirudisha kwenye begi lako, katikati ya sweta na ile shuka ya maua. Nataka uondoke nayo. Bila hiyo, huko unakoenda wewe si mpiga picha, ni msichana mwenye simu, na Tseikuru wenye simu wamejaa. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Mengine yote ni mzee kuzunguka.

Nakuita mwaitu, yaani mama, kwa sababu una jina la mama yangu, na desturi yetu inasema wewe ndiwe yeye amerudi. Kwa hivyo kila nikikufokea nimekuwa nikimfokea mama mzazi. Wazee wa kanisa walinionya kuhusu jambo hilo. Nikawaambia hata yeye alikuwa anastahili. Unaona? Nimeanza tena.

Nakumbuka siku uliyokuja nayo kutoka Malili, kutoka kwa kile kibanda ulichokuwa ukipiga watu picha za pasipoti na kuwatolea fotokopi. Uliingia unahema.

"Baba, funga macho."

"Hata nikifungua, tofauti ni ndogo."

"Funga tu. Leta mikono."

Ukaiweka mikononi mwangu, na vidole vikaijua kabla yangu. Ile ngozi ya mbele yenye vipele. Vile vifundo vya juu vyenye meno. Ule ubaridi wa pembeni. Nilidhani umefukua mahali ile kamera yangu ya zamani, ile iliyokwama mtambo ikatupwa ikabaki lenzi tu. Nikataka kukuuliza umeipata wapi. Halafu nikaipima kwa mkono: nyepesi. Nikaibishia hodi kwa ukucha: plastiki.

Utanielewa nikikuambia ilivyokuwa? Ni kama umemzika mtu wako, halafu siku moja unamwona kijana wa watu akipita sokoni amevaa koti lake. Koti ni lile lile, mabega si yake. Na kijana hana kosa. Lakini wewe unataka kumvua.

Nikakuambia, "Hii si kamera, ni pambo. Ipige msumari ukutani karibu na kalenda." Ukacheka. Hapo ningeachia. Lakini mtu akichekewa mara moja anafikiri amepewa shamba. Niliendelea. Siku ya soko hapa Mbumbuni ulikuwa umemkalisha mama mmoja kwenye stuli, umemwekea shuka nyeupe nyuma, unamwambia ainue kidevu, na mimi nikapita na fimbo yangu nikasema kwa sauti ya mnada, "Mama, unapigwa na sanamu! Hiyo ya mtoto haina matumbo ndani!" Watu wakaangua kicheko. Yule mama akainuka, akajipangusa gauni. "Kama baba yake mwenyewe anasema hivyo," alisema, akaenda zake.

Ulivua mkanda shingoni, ukaukunja, ukaukunja tena. Mimi nilienda kunywa chai nikiwa na raha. Kuna watu sokoni wanaonisalimia kwa mzaha ule mpaka leo. Mimi huwaitikia, lakini chai siku hizi hainiingii.

Sasa wiki iliyopita Syokau alikuja hapa kuchambua maharagwe, akaniuliza kama mtu anayeuliza mvua.

"Wewe unajua kwa nini alinunua hiyo ya kizee?"

"Vijana wanapenda vitu vya babu zao, wakishawazika babu."

"Hapana. Huko dukani kulikuwa na nyingine, nyeusi, ya kisasa kabisa. Ya kushikika vizuri. Mwenye duka akamwambia chukua hii, ndiyo inafanya kazi. Akakataa."

"Kwa sababu haipendezi shingoni."

"Nyamaza. Alisema ile nyingine kila kitu kiko ndani ya kioo, kwa Kizungu, maandishi madogo kama chawa. Akasema hii ina vifundo. Baba atahesabu kwa vidole."

Nilinyamaza. Syokau amengoja ninyamaze tangu tukiwa watoto, na alipopata hakufurahia. Alichukua maharagwe yake akaenda.

Kwa hivyo sikiliza. Umeitaka iwe yangu, na mimi naitaka iwe yako. Nitakusemea kamera hii kama tunavyomsema ng'ombe anayeuzwa kabla hajabadilisha kamba: meno, kwato, na upande anaopigia teke. Niliijua yote miezi hii yote. Ulidhani sikuwa naigusa ulipokuwa umelala? Niliigusa. Nilikuwa naizungusha vifundo kama mtu anayepekua mifuko ya mgeni.

Nianze na uzuri, maana nikianza na ubaya utaacha kusoma. Vifundo. Kimoja ni cha kasi, kingine cha mwanga, na ukizungusha kinasema tik, kidole kinajua kimefika wapi. Hata ikiwa imezimwa unaitazama kichwani tu na unajua itapigaje. Hizi nyingine ukizizima ni kama mlevi aliyelala, hujui aliacha maneno wapi. Hii inalala na akili zake. Mwenye kamera ya hivyo hachelewi. Bwana harusi akimfunua bibi harusi hakungoji uingie ndani ya menyu.

Lakini kifundo cha mwisho kulia, kile cha kuongeza na kupunguza mwanga, hakina kufuli. Ukiitia begini pamoja na nguo, inatoka imebadilika. Unakumbuka ule ubatizo wa pale bwawani? Watu wa Mungu walitoka weusi kama waliozamishwa kwenye lami. Mchungaji mwenyewe alionekana meno tu. Nilicheka siku nzima. Kumbe kilichohitajika ni neno moja: kila ukiitoa begini, pitisha kidole gumba juu ya kile kifundo kabla hujaiwasha, kisome kama unavyoonja chumvi. Neno hilo nilikuwa nalo. Nilikaa nalo, nikacheka.

Haina pa kushika. Mbele ni laini kama sabuni iliyolala kwenye beseni. Walitaka ifanane na zile zetu, na kweli zetu pia hazikuwa na pa kushika, lakini zilikuwa chuma. Ikikuanguka uliomba radhi kwa sakafu. Hii ikikuanguka utaomba radhi kwa bibi harusi na ukoo wake. Zungusha mkanda mkononi mara mbili, usijali wanaokuona mshamba.

Betri yake ni ya mtoto. Ina roho ndogo, na joto la kule juu Tseikuru litaimaliza upesi zaidi. Usiwe nayo moja. Na ile lenzi iliyokuja nayo, mchana ni sawa, lakini ndani ya nyumba jioni inatafuta uso mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli. Kaa karibu na dirisha. Dirisha halijawahi kumdanganya mpiga picha.

Vumbi. Hapa naomba usome mara mbili. Zamani vumbi likiingia kwenye kamera liliharibu picha moja, maana filamu ilisogea, ikaja nyingine safi. Hii ina jicho moja tu ndani, halisogei. Chembe ikitua hapo, itakuwa kwenye uso wa kila mtu utakayempiga mpaka uisafishe. Na unaenda mahali pa mbuzi na ngamia, siku ya mnada vumbi linasimama kama ukuta. Usibadilishe lenzi sokoni. Ingia dukani, funga mlango, elekeza mdomo wa kamera chini, badilisha upesi kama mtu anayebadilisha nepi ya mtoto wa watu.

Halafu kuna zile rangi zake za kuiga filamu ya zamani. Ulinionyesha ukiwa umefurahi, "Baba, ona, inatoka kama zile zako." Nikaondoka mezani. Leo nitakuambia kwa nini. Ile rangi ya manjano mimi nilipigana nayo maisha yangu yote. Ilitokana na dawa iliyochoka na filamu iliyokaa juani dukani kwa sababu hakuna aliyetuletea mpya. Watu walinirudishia picha. "Mzee, mbona nimetoka kama nina ugonjwa wa ini?" Nikaomba radhi kwa soko zima. Sasa wamekaa mahali, watu wasionijua, wakaitengeneza upya kwa kompyuta, wakaiita uzuri. Aibu yangu imekuwa mapambo yao. Lile pazia langu la studio nalo, lile la maporomoko ya maji lililochorwa na mtu wa Makueni ambaye hajawahi kuona maji yakiporomoka, siku hizi linazuia mvua isiwanyeshee kuku. Nikilipeleka mjini huenda wakaliweka kwenye fremu. Sipeleki. Kuku wamelizoea.

Lakini uzuri mmoja wa kamera hii ningeutolea jino, na hayajabaki mengi. Ukiweka jicho kwenye tundu lake, unaona picha itakavyotoka kabla hujapiga. Unajua hizi mashine zilifunzwa uso na watu wasiotujua sisi. Ikiona gauni jeupe la harusi inaogopa, inapunguza mwanga, na uso wa msichana wetu unabaki makaa. Kwa buibui jeusi inafanya kinyume, inaongeza mpaka uso unapauka kama umepakwa unga. Kwa nyeupe zungusha tik mbili kuongeza, kwa nyeusi tik mbili kupunguza, na utauona uso pale pale tunduni umekaa sawa. Sisi tulipiga bila kuona. Tulipiga, tukapeleka filamu ikaoshwe Machakos, tukangoja, tukafungua bahasha mbele ya mwenye picha tukiwa tunaomba Mungu kimoyomoyo.

Na ndani ya huko kupiga bila kuona ndimo nilimompotezea mama yako.

Hadithi unaijua, soko lote linaijua, jina langu la sokoni limetoka humo. Lakini huwa tunaisimulia kwa kucheka. Hebu niandike mara moja bila kicheko.

Filamu ikiisha na watu bado wamepanga foleni, husemi imeisha. Ukisema, wanahamia kwa mwenzako. Unainua kamera tupu, unasema "haya, tabasamu," unawasha flashi. Pwaa! Wanafurahi, wanaenda. Baadaye unawaambia picha iliungua kwa mwanga. Tuliita kupiga hewa, na sote tulifanya. Waheshimiwa wa harambee tuliwapiga hewa mpaka flashi ikanuka.

Mama yako kwenye picha alisimama nyuma kila mara, ameshika mtoto wa mtu au sufuria. Siku ile ya harambee ya kanisa alivaa lile gauni la kijani alilolishona mwenyewe kwa mkono, bila cherehani. Akaja mbele yangu.

"Baba Mutheu, leo nipige peke yangu. Si na kwaya. Si na watoto. Mimi."

"Simama hapo kwa ua."

"Viatu vitaonekana?"

"Viatu, soksi, mpaka dhambi."

"Dhambi ukate."

Alisimama. Alivuta tumbo ndani. Alitazama kamera kama mtu anayeangalia barabara anayokujia mgeni wake. Na mimi nilikuwa sina filamu. Ningesema, Nduku, imeisha, ngoja Jumapili ijayo. Ni mke wangu, angehamia kwa nani? Lakini watu walikuwa wanatazama, na mimi ndiye fundi. Nikawasha flashi.

Aliingoja picha ile. Nilipoleta bahasha akapekua, akapekua tena.

"Yangu?"

"Iliungua."

"Na hizi za wengine?"

"Zilitoka."

Halafu akacheka, akaniambia, "Kumbe jua ni mimi." Akaenda kuwasimulia wanawake wenzake kisimani, na kuanzia hapo nikawa Iliungua. Nikadhani kwa kuwa amecheka, yameisha. Mimi ni mtu wa mzaha, nilipaswa kujua kicheko ni mahali pa kufichia vitu. Hakusimama tena mbele ya kamera yangu. Nikimwita anasema, "Piga wengine, mimi nitakuunguzia."

Alipofariki tukatafuta picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Nyumba ya mpiga picha, masanduku ya picha za watu, za mbuzi wa watu, na yake hakuna. Tukamkata kutoka kwenye ile ya kikundi cha akina mama. Ndiyo hiyo iko ukutani. Na ule mkono uliomshika begani ni wa Kalekye, ambaye yeye na mama yako hawakuwa wamesemezana tangu ile kesi ya mbuzi aliyekula mahindi. Kijana wa kompyuta alijaribu kuufuta, akafuta na bega. Tukauacha. Ulipokuwa mdogo uliniuliza, "Baba, huo mkono ni wa nani?" Nikakuambia ni wa Mungu. Uliamini mpaka darasa la nne, masikini, mpaka ukamwona Kalekye kanisani amevaa ile pete ya pichani.

Kila jioni nikikaa kula nauona mkono ule. Mke wangu amekuwa na adui begani milele kwa sababu sikutaka kusema filamu imeisha.

Basi, nirudi kwa kamera, kabla karatasi haijalowa.

Unaenda kwa Mama Halima, mwenye duka la vitambaa huko Tseikuru. Mimi sikumpenda mwanzoni, nilisema huyo mwanamke wa vitambaa amekudanganya na chumba cha nyuma ya duka. Ulinieleza nikajifanya sisikii. Nilisikia. Kwa watu wake, kwenye harusi, upande wa wanawake mwanamume haingii, na wapiga picha wote wa kule ni wanaume. Wanakuhitaji. Watavua mitandio mbele yako, watacheza, watakuwa jinsi wasivyoonekana barabarani, kwa sababu Mama Halima amesema, huyu ni wetu. Hicho ni kitu kikubwa kuliko lenzi.

Kamera yako inaweza kupiga bila sauti. Wenye duka wanasifu hilo. Mimi nakuambia ni ubaya. Iache ipige tik. Mtu ana haki ya kusikia anapochukuliwa. Na ile tabia yake ya kurusha picha zenyewe mpaka kwenye simu, izime kabla hujavuka mlango wao. Picha moja ikitoka nje, hutapata wa pili wa kukufungulia, na Mama Halima atakuwa ameaibika kwa ajili yako. Kadi nayo, kuna tundu moja tu, chini, pamoja na betri. Ikifa, harusi imekufa. Usiku ule ule hamisha picha mahali pengine.

Nimesema kadi. Sasa nikueleze nilichofanya leo.

Kabla ya kuanza barua hii nilitoa kamera begini, nikiwa nataka tu kuifungia vizuri. Nikaitoa na lenzi yangu ya zamani kwenye soksi. Ile pete uliyoinunua ili ziingiane, ile niliyosema ni ndoa ya mzee na kigoli, nikaizungusha, ikakubali. Nikaiwasha. Ulikuwa umeiacha imenyamazishwa tangu Jumapili, sikuirudishia sauti. Nikaweka jicho. Kile kigurudumu kidogo cha pembeni ya tundu nikakizungusha mpaka ukungu ukapungua, na ile hila uliyoiweka, kwamba ukizungusha lenzi mpaka picha ikawa kali kingo zinawaka nyekundu, nikaitafuta kwa vidole, polepole.

Ulikuwa uani umekalia mtungi wa plastiki, umemshika jogoo kati ya magoti, unamfunga miguu kwa katani. Ukawaka. Kwanza jogoo, nikakupita. Nikarudi. Bega likawaka, halafu shavu. Mutheu, sijakuona hivyo tangu macho yangu yaanze kufunga duka. Niliona pua ya mama yangu. Niliona mkunjo katikati ya nyusi zako ambao sikujua unao. Umeupata lini? Nilitaka kudhani ni jua.

Nikapiga. Bila sauti. Ndiyo, mimi, ninayekuambia usifanye hivyo. Hukugeuka. Nikakuona kidogo mle tunduni, umesimama pale, wangu. Halafu ukatoweka, na maandishi mekundu yakabaki yakipepesa. Yalikuwa yakipepesa pembeni tangu mwanzo, nilidhani ni urembo wao. Nikaleta kioo puani nikayasoma. Kizungu hicho hata darasa la sita linakitosha: kadi hakuna. Nikafungua kile kilango cha chini. Tundu tupu. Umetoa kadi yenye picha za wateja, kama mtu mwenye akili anavyofanya.

Kamera inakubali kupiga hata ikiwa tupu. Huo ndio ubaya wake mkubwa kuliko yote, na haukuandikwa kwenye boksi. Wameiga ngozi yetu, wameiga vifundo, wameiga manjano. Kumbe hata kupiga hewa wameiga.

Nilikaa hapa kitandani nimeishika, sikucheka. Wewe ulikuwa umemaliza na jogoo, unaimba.

Sasa nitakuomba, na unajua sina mazoezi. Kesho, kabla hujabeba mzigo, tia kadi. Angalia kwamba imo. Fungua, angalia tena, halafu nipe mimi nishike kwa kidole. Urudishe sauti yake. Usimame mlangoni, peke yako, bila jogoo, bila Syokau, bila mkono wa mtu yeyote begani. Viatu vitaonekana. Nitahesabu tik zangu, nitaitafuta ile nyekundu, na ukinisikia nimechelewa usinisaidie. Niache nichelewe.

Halafu uichukue uende nayo. Lenzi iko kwenye soksi, ina ukungu ndani lakini imemwona mama yako. Kamera ikikaa hapa mezani, haya macho yangu hayataingoja, na yakifunga kabisa nitataka kujua iko mikononi mwa nani.

Picha ikitoka mbaya usiifute. Na mtu akikuuliza huko juu ni nani aliyekupiga hivyo, umekatwa kichwa nusu na mlango umelala, usimwambie iliungua. Mwambie mzee hakuwa anaona vizuri, lakini kadi ilikuwa ndani.

Ni mimi baba yako,
Iliungua